Mwanagenzi na Gitaa Lake la Kwanza

Miongoni mwa kazi za mbao ambazo mtu asiyeutegemea useremala kwa riziki aweza kujitia kwa hiari yake, baada ya saa za kazi na katika siku za mapumziko, ni chache zinazodai hesabu ya kinyume kama kutengeneza gitaa kwa mkono. Kiti hufanywa kiwe imara, na kikizidi uimara hapana anayelalamika. Mlango husifiwa kwa uzito wake, na sanduku kwa unene wa mbao zake. Gitaa halimo katika hukumu hiyo. Nyuzi zake sita, zikisha kukazwa hata kila mmoja ukafika kwenye sauti yake, huvuta kwa nguvu ya kilo 40 hivi, pungufu kidogo ya mfuko wa saruji, na nguvu hiyo huangukia juu ya ubao ambao unene wake ni milimita 2 au 2 na nusu. Ubao huo hauna ruhusa ya kuvunjika, wala hauna ruhusa ya kutulia. Ukivunjika, kazi imekwisha. Ukitulia, chombo ni bubu. Mwanagenzi atakiwa kuutafuta mpaka uliopo baina ya misiba hiyo miwili, na kuukaribia kwa kadiri moyo wake uwezavyo kustahimili. Na mimi nasadiki kwamba habari yote ya gitaa la kwanza ni habari ya mpaka huo, na kwamba mengine yote, ijapokuwa huchukua siku nyingi zaidi na fedha nyingi zaidi, ni ya daraja la pili.

Yapasa kubainisha ni gitaa lipi tunalolisema, maana jina ni moja na vyombo ni vingi. Gitaa alilolipiga Jean Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alizinasa nyimbo zake mwaka wa 1952 na sifa yake ikaenea hata Nairobi, lilikuwa la nyuzi za chuma, na chombo cha nyuzi za chuma hujengwa kwa ubao mnene zaidi na mihimili mizito zaidi, kwa sababu mvuto wa nyuzi zake hukaribia mara mbili. Gitaa la klasiki, ambalo ndilo shabaha yetu, lina nyuzi za nailoni, shingo pana ya kadiri ya milimita 52 mahali inapokutana na kichwa, na urefu wa uzi wa milimita 650 toka mfupa wa juu hata mfupa wa chini. Nyuzi zake zilikuwa za utumbo wa wanyama hata zama za Vita vya Pili vya Dunia, utumbo ulipohitajiwa na matabibu kwa kushonea majeruhi. Ndipo Albert Augustine wa New York, akitiwa moyo na mpigaji Andrés Segovia, akaigeuza nailoni kuwa nyuzi za gitaa. Msomaji wa pwani aliyezoea udi wa taarabu atautambua ujamaa wa vyombo hivi viwili mara moja, na tafauti zake pia: udi una tumbo la duara lililoungwa kwa papi nyembamba za mbao, nao hauna freti; gitaa lina mgongo bapa, lina kiuno, na shingoni mwake zimepigiliwa freti 19, yaani vile vijiti vya chuma vinavyomwonyesha mpigaji mahali pa kila sauti.

Umbo ambalo mwanagenzi wa leo hulifuata, awe Madrid, Tokyo au Arusha, kwa sehemu kubwa ni kazi ya mtu mmoja. Antonio de Torres alizaliwa mwaka wa 1817 kando ya mji wa Almería, kusini mwa Hispania, akafunzwa useremala angali mtoto, akahamia Seville, na huko akawa mtengenezaji wa magitaa ambaye wapigaji walimwendea kwa taadhima. Si kila alichokifanya alikizua yeye. Mihimili iliyotandazwa kwa umbo la upepeo chini ya kifua cha gitaa, yaani ule ubao mwembamba wa mbele, ilikuwako kabla yake. Alichokifanya Torres ni kulikuza tumbo, kukipunguza unene kifua, kukipa mbinuko mdogo ambao jicho huuona kwa shida, na kuipanga mihimili saba kwa hesabu iliyokifanya kifua kuwa chepesi bila ya kukiacha kiwe dhaifu. Gitaa lake la mwaka wa 1856, lililopewa jina la La Leona, lingali likitajwa na mafundi kila wazungumzapo juu ya asili ya ufundi wao, na Francisco Tárrega, ambaye wapigaji wengi humhesabu kuwa baba wa upigaji wa kisasa, alipiga miaka mingi gitaa la Torres la mwaka wa 1864. Walakini sifa haikumlisha. Ulifika wakati akauacha ufundi huu na kufungua duka la vyombo vya kaure mjini Almería, kisha akaurudia mnamo 1875, akaufanya hata alipofariki mwaka wa 1892. Kasisi mmoja aliyejuana naye katika uzee wake alisimulia baadaye kwamba Torres, alipoulizwa siri yake, alijibu kuwa hana njia ya kuirithisha, kwani imo katika ncha za kidole gumba na cha shahada, ambazo huiarifu akili yake kama ubao umefika au haujafika.

Jibu hilo laweza kumkatisha tamaa mwanagenzi, ambaye ncha za vidole vyake hazijamwarifu lolote bado. Lakini Torres aliacha ushahidi mwingine, nao kwangu ni wa thamani kuliko siri. Mwaka wa 1862 alitengeneza gitaa ambalo kifua chake kilikuwa cha mbao kama ada, ilhali mgongo na mbavu zake zilikuwa za karatasi ngumu. Chombo hicho kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya muziki la Barcelona, nacho leo hakipigiki tena, lakini habari zilizosalia toka kwa waliopata kukisikia zasema kuwa sauti yake haikuwa ya kudharauliwa hata kidogo. Haja ya Torres ilikuwa kuthibitisha kwamba sauti ya gitaa hukaa kifuani. Wako waliobisha na wangali wapo, hasa miongoni mwa wauzaji wa mbao adimu. Na mimi sisemi kuwa mgongo hauna kazi yoyote, maana hukitia chombo uzito na rangi na kumzuia mpigaji asikinyamazishe kwa tumbo lake. Ila mwaka wa 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walieleza jaribio la magitaa sita ya nyuzi za chuma, yaliyojengwa sawasawa kwa mkono wa fundi mmoja, yakitafautiana kwa mti wa mgongo na mbavu peke yake, baadhi yake ni mti wa anasa na baadhi ni mti wa bei nafuu. Wapigaji 52 waliyapiga gizani, wakiwa wamezuiwa wasiyaone, na hawakuweza kuyapambanua kwa sauti kwa namna yoyote ya kutegemewa.

Haya yana faida kubwa kwa mtu anayeanza, kwa maana tamaa ya kwanza ya mwanagenzi ni macho. Utamwona akiulizia mti wa waridi wa Brazil, ambao ulikuwa fahari ya magitaa ya karne ya kumi na tisa na ya ishirini, na ambao biashara yake imezuiwa vikali tangu 1992 na mkataba wa kimataifa wa viumbe walio hatarini, ujulikanao kwa herufi za CITES. Mti huo ni ndugu wa damu wa mpingo wetu. Jenasi yao ni moja, na tangu Januari 2017 jenasi hiyo yote imewekwa chini ya uangalizi wa mkataba, ijapokuwa vyombo vya muziki vilivyokwisha kutengenezwa vililegezewa masharti mwaka wa 2019. Basi je, mwanagenzi wa Tanzania atumie mpingo, ambao wapiga klarineti na obo wa dunia nzima huuhitaji kuliko mti mwingine wowote? Kwa mgongo na mbavu, ushauri wangu ni asiutumie katika chombo cha kwanza. Mpingo hukua polepole mno, shina lake aghalabu ni fupi na lenye mapindi, na kupata ubao mpana usio na ufa ni bahati. Uzito wake huzamisha gogo majini, huvunja makali ya randa, na mafuta yake hukataa gundi. Afadhali auweke kwa ubao wa vidole, ule unaolazwa juu ya shingo na kupigiliwa freti, ambapo ugumu ni fadhila na upana wa sentimita sita hivi watosha. Kwa mgongo na mbavu mninga wamtosha kabisa: una rangi ya kupendeza, ni mwepesi wa kurandwa, na fauka ya hayo ni mti mtulivu, ambao hujaa na kunywea kidogo sana unyevu ubadilikapo. Kwa shingo uko mkangazi, ambao ni wa ukoo mmoja na mwerezi wa Kihispania utumiwao na mafundi wa Ulaya. Kitu kimoja tu ndicho kinachopaswa kuagizwa toka mbali, nacho ni kifua, ama sprusi, mti wa jamaa ya msonobari unaokua polepole katika baridi ya milima ya Ulaya, ama mwerezi mwekundu wa magharibi ya Amerika ya Kaskazini, ambao José Ramírez wa Tatu wa Madrid aliutia katika ufundi huu miaka ya 1960. Fedha iliyookolewa mgongoni na itumike hapo.

Na asidhani mwanagenzi kuwa mlango huu umefungwa kwa wasiozaliwa katika karakana za magitaa. José Romanillos alizaliwa Madrid mwaka wa 1932, akajifunza kutengeneza samani, akahamia Uingereza mwaka wa 1956 kutafuta kazi, na huko, katika miaka ya 1960, akaanza kujitengenezea magitaa pasi na mwalimu wa kukaa naye benchi moja. Julian Bream, mpigaji mkubwa wa Uingereza, aliisikia kazi yake, na gitaa la Romanillos la mwaka wa 1973 likawa rafiki yake wa majukwaani kwa miaka mingi. Mtu huyo huyo ndiye aliyekaa akapima magitaa ya Torres moja baada ya moja na kuandika kitabu juu ya maisha na kazi yake, kilichotoka 1987. Alifariki mwaka wa 2022, akiwa amekwisha kurejea Hispania na kuwafundisha wengi, na baadhi ya hao walikuwa wanagenzi tu.

Sasa natuingie karakanani. Kifua hufanywa kwa vipande viwili vilivyopasuliwa toka ubao mmoja na kulazwa ubavu kwa ubavu, hata mistari ya kimoja ikawa kioo cha mwenzake. Ubao wenyewe hupasuliwa kwa robo ya gogo, ili pete za umri wa mti zisimame wima. Ukilazwa pete zake zikalala, hupoteza ugumu wa kukata upana, na huo ndio ugumu ambao fundi hana njia ya kuurudisha. Kingo za vipande viwili hurandwa kwa randa ndefu iliyonolewa sana, zikakutanishwa mbele ya dirisha, na maadamu nuru yapenya baina yake, randa hurudi kazini. Mtu asiyewahi kufanya kazi hii hudhani kuwa gundi itaziba. Gundi haizibi, huunganisha tu vilivyokwisha kugusana.

Kiungo kikisha kukauka huchorwa duara la tundu la sauti, lenye kipenyo cha milimita 85 hivi, na kuzungukwa na pambo la vipande vidogo vya mbao za rangi. Hapa wanagenzi wengi huzama. Wako wanaotumia kwa pambo hilo muda mwingi kuliko waliotumia kwa kifua chote, nami siwalaumu, kwani ndilo jambo la kwanza ambalo mgeni atalitazama. Ila lingekuwa duara la mti mmoja mweusi, gitaa lisingepoteza hata chembe ya sauti.

Baada ya pambo ndipo ifikapo ile kazi ambayo haina mashahidi. Ubao, ambao huenda umenunuliwa ukiwa na milimita 4, sharti upunguzwe kwa randa na kwa kipande cha chuma cha kukwangulia, kidogo kidogo, huku ukipimwa kwa kalipa na kusikilizwa. Fundi huushika kwa vidole viwili mahali fulani karibu na ukingo, akaugonga katikati kwa fundo la kidole. Mwanzoni hujibu kwa sauti fupi na kavu. Kadiri unene unavyopungua sauti hushuka na kurefuka, hata ukafika wakati ubao wagongwa mara moja nao ukaendelea kuvuma baada ya kidole kuondoka. Kuna kanuni ya elimu ya nguvu ambayo kila mwanagenzi angepaswa kuiandika ukutani: ugumu wa ubao hufuata mchemraba wa unene wake. Ukiupunguza unene kwa sehemu moja ya kumi, ugumu haupungui kwa sehemu moja ya kumi, bali kwa zaidi ya robo. Kwa hiyo toka milimita 2 na nusu hadi 2 na robo ni safari ndefu, ijapokuwa randa huimaliza kwa muda wa kunywa kahawa, na mtu anayekwangua kwa pupa aweza kuupita mpaka bila ya kujua kuwa ameupita.

Lakini ajaba ni kwamba wachache sana huupita. Woga huwazuia wengi mbali nao, na ndiyo sababu magitaa mengi ya kwanza huwa mazito, yenye sauti nzuri iliyofungwa ndani. Mtu akumbukaye kilo 40 za mvuto huacha nusu milimita ya akiba kifuani, akaongeza milimita moja ya kimo katika kila mhimili, na mhimili nao hufuata kanuni ile ile ya mchemraba. Akaongeza na gundi ya ziada kwa usalama. Hakuna moja kati ya hayo lililo kosa peke yake. Yakikusanyika huzaa chombo kitakachoishi miaka mia na kisichosikika chumba cha pili.

Mihimili saba hukatwa toka sprusi ile ile, na yafaa ipasuliwe kwa patasi badala ya msumeno, ili nyuzi za mti ziende toka ncha hadi ncha bila ya kukatwa. Hubandikwa upande wa ndani, ikianzia chini ya tundu na kutawanyika kuelekea kitako cha tumbo, kila mmoja ukiwa na kimo cha milimita chache na ncha zilizochongwa hadi kukaribia kutoweka. Chini yake kifua hulazwa juu ya kalibu ya ubao iliyochimbwa bonde dogo la milimita 2 au 3, nayo mihimili ikibandikwa huku kifua kimeshindiliwa ndani ya bonde hilo, hupatikana ule mbinuko wa Torres.

Mbavu hutisha zaidi kwa macho kuliko kwa kweli. Ubao wa milimita 2 hulowanishwa na kusukumwa taratibu juu ya bomba la chuma lililopashwa moto hata tone la maji likiliangukia huruka. Mti hupata ulaini wa ghafla ambao mkono huusikia, nao hufuata umbo, kisha ukipoa hubaki nalo. Kiuno ndicho kigumu, kwa sababu hapo mpindo hugeuka upande, na mwenye haraka husikia mlio ambao hahitaji kuelezwa maana yake. Ni hekima kuwa na ubavu wa akiba.

Kuunganisha kwa njia ya Kihispania kuna uzuri wake. Kifua hulazwa kifudifudi juu ya kalibu, shingo ikabandikwa kwake, na mbavu zikaingizwa katika nyufa mbili zilizokatwa kwenye kisigino cha shingo, hata shingo na tumbo vikawa kitu kimoja tangu mwanzo. Mafundi wengi wa magitaa ya nyuzi za chuma hulijenga tumbo peke yake na kuipachika shingo mwishoni. Pale ubavu unapokutana na kifua huwekwa vijiti vidogo vya pembe tatu, kimoja baada ya kimoja, kila kimoja kikitiwa gundi na kushikiliwa kwa kidole hata kikakamata. Kazi hiyo ni ndefu na haina shida yoyote. Kabla ya mgongo kufungwa, fundi hubandika ndani karatasi yenye jina lake, mji na mwaka, ambayo itasomeka kupitia tundu. Na kwa kuwa hufungiwa humo kabla ya freti, rangi na nyuzi, tarehe ya gitaa la namna hii hutangulia siku ya sauti yake ya kwanza.

Freti ni hesabu tupu. Vincenzo Galilei, baba yake mnajimu Galileo, alitoa mwaka wa 1581 kanuni ambayo mafundi waliifuata kwa karne kadhaa: gawanya urefu wa uzi kwa 18, weka freti ya kwanza hapo, kisha gawanya urefu uliobaki kwa 18 tena, na kuendelea. Kanuni hiyo ni rahisi na inakosea kidogo, kwani freti ya 12, ambayo sharti iugawe uzi nusu kwa nusu, huangukia milimita 322 na nusu badala ya 325. Leo kigawanyo ni 17.817. Kwa uzi wa milimita 650 freti ya kwanza huwa milimita 36.48 toka mfupa wa juu, ya pili milimita 34.43 mbele yake, na ya 12 mahali pake hasa. Mwanagenzi asipime kila nafasi toka freti iliyotangulia, kwa maana taksiri ndogo hujumlika. Na azipime zote toka mfupa wa juu, kwa rula moja ya chuma isiyosogezwa.

Nimechelewesha kwa makusudi adui mkubwa wa mtu anayetaka kulifanya gitaa Mombasa, Tanga au Unguja, naye ni hewa. Mti hunywa unyevu wa hewa na kujaa kwa upana, wala si kwa urefu. Mafundi wa Ulaya hupenda kubandika mihimili hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 45 hadi 50. Pwani yetu hukaa juu ya 70 kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kifua kilichobandikwa mihimili ya mapana yake siku ya mvua ya masika kitakuwa kimejaa, na siku mwenyewe atakapokipeleka Dodoma wakati wa kiangazi, au Ulaya katika vyumba vinavyopashwa moto wa kipupwe, upana utataka kunywea nao mhimili hautaki, na kifua kitapasuka kufuata mistari yake. Kinyume chake si kibaya hivyo: gitaa lililojengwa katika ukavu likaletwa pwani litavimba kifua na kuinua nyuzi, lakini halitapasuka. Kwa hiyo yampasa mtu wa pwani kununua kipima unyevu, ambacho ni kitu cha bei ndogo, na kujitengenezea kabati lililofungwa vizuri lenye taa ya umeme ya zamani, ile ya waya, iwakayo ndani usiku na mchana. Mbao zitakaa humo kwa majuma, zitatolewa kwa saa ya kubandikwa, na kurudi humo kabla gundi haijakauka sana. Shubaka hilo lisilopendeza lina thamani kuliko patasi yoyote ya Kijerumani.

Rangi ya jadi ni shelaki, utomvu wa wadudu wa Bara Hindi, unaoyeyushwa katika spiriti na kupakwa kwa kitambaa kilichofinyangwa tonge, pamoja na tone la mafuta ya zaituni ili kisikwame. Tabaka juu ya tabaka, nyembamba mno, kwa majuma. Ziko vanishi ngumu kuliko hiyo. Pwani hii yenyewe iliuza kwa wingi katika karne ya kumi na tisa sandarusi iliyochimbwa ardhini, ikapitia Unguja na kupelekwa Salem, Marekani, na bandari za Ulaya, ambako vanishi yake ilipakwa juu ya magari ya farasi. Juu ya kifua cha gitaa ugumu wa namna hiyo ni mzigo. Shelaki huchunika kwa kucha, lakini haikizuii kifua.

Hubaki daraja, kipande cha mti kinachoshika nyuzi kifuani. Na liwe jepesi, gramu 20 hivi, na hapa tena mpingo haufai kwa uzito wake. Mahali pake hupimwa milimita 650 toka mfupa wa juu na kuongezwa 2 hivi, kwa kuwa uzi ukibonyezwa kwenye freti hukazika kidogo na kupanda sauti. Shelaki hukwanguliwa pale litakapokaa, hata mti ukakutana na mti, kisha hubanwa kwa jiriwa zilizopitishwa katika tundu na kuachwa siku nzima. Gundi nyeupe ya maseremala yatosha, kwa sharti kwamba gitaa halitaachwa ndani ya gari juani, ambako gundi hiyo hulegea na daraja kung'oka.

Nyuzi za nailoni zikisha kufungwa hunyooka kwa siku kadhaa, na chombo hakikai katika sauti zake. Kifua nacho husogea: huinuka kidogo nyuma ya daraja na kubonyea kidogo mbele yake, na hiyo ni dalili njema. Kikisha kutulia hupimwa kimo cha nyuzi juu ya freti ya 12, milimita 3 kwa uzi mwembamba na 4 kwa uzi mnene. Kikizidi, mfupa wa daraja hupunguzwa kwa tupa, milimita 2 kwa kila milimita 1 inayotakiwa kushuka pale kwenye freti, na ukikatwa kupita kiasi hutengenezwa mwingine kwa mfupa wa ng'ombe wa buchani uliochemshwa na kukaushwa. Mwenye kuona kwamba sauti nene za chombo chake zimefungwa aweza kupitisha mkono katika tundu akiwa na kipande cha msasa, akazipunguza ncha za mihimili miwili ya pembeni, akakaza nyuzi tena na kusikiliza. Wengi hawathubutu. Huandika katika daftari unene wa kifua, kimo cha kila mhimili na asilimia ya unyevu ya siku ya kubandika, wakalipa gitaa hilo jamaa yao anayejifunza kupiga, na kuagiza sprusi ya pili, ambayo wataikwangua hadi milimita 2 na robo.